Mpangaji Aliyebaki na Ufunguo

Septemba 2008, watu waliokuwa wakijaribu Linux 2.6.27 kabla haijatoka rasmi walianza kupoteza kadi zao za mtandao. Si ile ya intaneti kukatika, unazima, unawasha, inarudi. Kadi yenyewe ilikufa. Ukirudisha Linux ya zamani, bado imekufa. Ukiweka Windows, vilevile. Kadi hizo za Intel hutegemea chipu ndogo ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukipotea, ambamo mmeandikwa kadi ni nani na ifanye nini. Kitu fulani kilikuwa kimeyachafua maandishi hayo.

Mshukiwa alipatikana chapchap: e1000e, draiva inayoendesha kadi hizo. Nani mwingine, na yeye ndiye aliyekutwa chumbani na maiti? Baadhi ya wasambazaji wa Linux waliizima kabisa kwenye matoleo yao ya majaribio. Wengine wakashuku programu za michoro ya skrini. Msimbo wa e1000e ukapekuliwa, ukapekuliwa tena, na mkosaji hakuonekana.

Hebu fikiria keyateka wa ploti. Kerneli, kile kiini cha mfumo kinachosimamia mashine nzima, ina keyateka wake wa memori. Anayetaka nafasi anapewa anwani. Akimaliza anairudisha, na anwani ileile anapewa mwingine. Keyateka haulizi kama ulichonga ufunguo wa pili. Sasa wewe umehama leo, halafu kesho usiku unarudi kwa mazoea, unafungua na kulitupa begi lako pale kitanda chako kilipokuwa. Pale pana mtoto wa mpangaji mpya, amelala. Asubuhi majirani watamuuliza nani maswali? Mamake.

Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1994 Jeff Bonwick wa Sun Microsystems alieleza mgawaji mpya wa memori ya kerneli, unaoitwa slab, na ndani yake mlikuwa na mtego: memori iliyorudishwa inajazwa namba 0xdeadbeef. Namba za aina hii huandikwa kwa tarakimu pamoja na herufi a hadi f, kwa hivyo mtu anaweza kufanya utani kidogo. Sisi tungeiita nyama ya kibudu. Keyateka akija kukipangisha chumba tena akute kibudu kimemegwa, anajua kuna mtu aliingia. Linux nayo, ukiuwasha mtego wake, hujaza 0x6b, ambayo ukiisoma kama maandishi ni herufi k. Yaani unapekua memori ya mashine iliyoanguka na inakujibu kkkkkkkk, kama inakucheka.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na somo la mifumo endeshi lilichangia. Tulichorewa masanduku ubaoni: hili lina mwenyewe, hili liko wazi. Hakuna aliyetuambia kuna watu hurudi usiku. Hadithi hii ningeipata wakati ule, labda ningekaa. Labda.

Lakini kibudu kisingesaidia 2008, kwa sababu chumba chenyewe hakikuwa RAM tena.

Aliyerudi usiku aliitwa ftrace, chombo kilichoandikwa na Steven Rostedt ili kuitazama kerneli ikifanya kazi. Kazi yake ilikuwa kuangalia tu! Kila kipande cha msimbo kilipoitwa mara ya kwanza, ftrace iliandika anwani yake, kisha baadaye kidogo ikarudi pale kubadilisha maagizo machache ili mashine isipunguze mwendo. Ila kuna msimbo unaotumika mara moja tu, moduli inapoanzishwa, halafu memori yake inarudishwa kwa keyateka. Hilo ftrace haikuambiwa. Kwenye mashine za biti 32, anwani iliyoachwa wazi hivyo iliweza kupewa e1000e, ikawa ndiyo mlango wa ile chipu ya kadi.

Na sehemu inayoniuma ni kwamba ftrace ilikuwa na adabu. Iliangalia kwanza kama kilichopo ndicho ilichokiacha, na kama sicho, isibadilishe kitu. Ilitumia agizo la prosesa liitwalo cmpxchg, ambalo hulinganisha na kubadilisha kwa mpigo mmoja. Lakini kwa prosesa za x86, agizo hilo huandika hata kama ulinganisho umeshindwa: hurudisha thamani ileile iliyoikuta. Kwenye RAM hilo halidhuru chochote. Kwenye mlango wa chipu, kule kuandika ni amri, na chipu ikaitii.

Linux 2.6.27 ilitoka Oktoba 9. Kufikia hapo Intel walikuwa wameongeza kufuli la kuikinga chipu, na siku chache baadaye 2.6.27.1 ikaizima ile tabia ya ftrace ya kubadilisha maagizo. Katika 2.6.28 ikarudi imeundwa upya: anwani zikawa zinaandikwa mapema, msimbo unapojengwa. Ile draiva iliyolaumiwa bure bado ina kufuli lake, linaitwa WriteProtectNVM.