Fe Moja, Maneno Mawili

Mwandishi wa Pate au Lamu wa karne ya 18 aliyeandika "fua nguo" aliweza kusomwa "vua nguo". Abjadi ya Kiarabu haina v, na waandishi wengi wa pwani walitumia fe kwa sauti zote mbili. Haina p, ch wala ng'. Alama zake za irabu ni tatu, fataha, kasra na dhuma, ilhali irabu za Kiswahili ni tano. Ndipo "pita" na "peta" zikachangia kasra, "kuku" na "koko" zikachangia dhuma. Kwa khati hiyohiyo ziliandikwa barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, India, na Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728.

Walisomaje bila kupotea? Walisoma kwa sikio. Utenzi una mizani nane katika kila kipande na kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti, na ulighanwa mbele ya watu walioujua. Mghani akiteleza, mizani ilimsuta. Karatasi ilimkumbusha jambo alilokwisha kulisikia. Kwa mgeni asiyejua lugha ilikuwa fumbo, lakini haikuandikwa kwa ajili ya mgeni.

Waajemi walikutana na tatizo hilohilo mapema zaidi, wakalitatua bila kuihama khati hiyo. Walichukua be ya Kiarabu wakaiongezea nukta wakapata p, wakaitendea jim vivyo hivyo wakapata ch, na kaf wakaitia mstari ikawa g. Fasihi yao ya miaka elfu moja ingali wazi kwa msomaji wa leo. Pwani yetu nayo haikukosa mafundi wa namna hiyo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alifanya kazi na mmisionari W. E. Taylor, na wakatafuta alama za kuzibainisha sauti za Kiswahili. Karne moja baadaye Sheikh Yahya Ali Omar, naye mzaliwa wa Mombasa, alitoa mwaka 1997 pamoja na P. J. L. Frankl pendekezo kamili la kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kasoro ilikuwa na dawa. Aliyeamua hatima ya khati ile hakuwa mwenye kasoro wala mwenye dawa.

Uturuki ilichagua njia nyingine. Kituruki kina irabu 8, na alama tatu za Kiarabu zilikibana kuliko zilivyokibana Kiswahili. Tarehe 1 Novemba 1928 serikali ya Atatürk ilipitisha sheria ya herufi mpya 29 za Kilatini, na mwaka 1929 ulipoanza, uchapaji wa vitabu kwa herufi za kale ulikwisha kupigwa marufuku. Kwa upande wa sauti ilikuwa kazi safi, kila irabu ikapata herufi yake. Kisha msamiati wa Kiarabu na Kiajemi ukapunguzwa, hata hotuba ndefu ya Atatürk mwenyewe, ile ya mwaka 1927, ikabidi iandikwe upya kwa maneno ambayo wajukuu wa wasikilizaji wake wangeyaelewa. Kijana wa Istanbul husimama mbele ya kaburi la babu wa babu yake asiweze kulisoma jina.

Anayedhani kwamba herufi bora hushinda kwa ubora wake aitazame Korea. Mfalme Sejong alikamilisha herufi za Kikorea mwishoni mwa mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, zikiwa 28, ili watu wasio na elimu ya herufi za Kichina waweze kuandika lugha yao. Sijui kazi nyingine ya kalamu iliyosikiliza lugha kwa makini kiasi kile: herufi ya k ni mchoro wa shina la ulimi likiziba koo, ya n ni ulimi ukigusa ufizi, ya m ni kinywa. Choe Malli na wasomi wenzake walimpinga mwaka 1444, wakisema kuziacha herufi za Kichina ni kujishusha daraja la washenzi. Herufi za Sejong zikaishi mikononi mwa wanawake na watu wa kawaida. Serikali ilizifanya rasmi mwaka 1894, baada ya karne nne na nusu.

Kwetu walioamua walikuwa wamisionari na serikali za kikoloni, kisha Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Sikatai kwamba herufi za Kilatini zinatufaa. Irabu tano kwa irabu tano, na mtoto wa darasa la kwanza anayeimba ba be bi bo bu anakwenda haraka. Lakini nazo zinavuja. Mtu wa Mombasa na wa Lamu husikia tofauti kati ya paa la nyumba na paa wa mwituni, ambaye p yake hutoka na pumzi. Tahajia sanifu haioni kitu. Kosa letu halikuwa kupokea herufi mpya. Kosa ni kuacha kuzisoma za kale.

Miswada ya tenzi imo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imo SOAS London, na wengi wetu tunaoifundisha tunaijua kwa nakala za Kilatini tu, yaani tunaamini masikio ya aliyenakili. Alipoandika "peta" badala ya "pita" hatuna pa kumkosolea. Idara za Kiswahili ziweke somo la khati, hata la muhula mmoja. Na wewe uliyerithi sanduku lenye karatasi za namna hiyo, usizitupe kwa kudhani ni dua zilizochakaa. Zipeleke kwa mzee anayezisoma, angali hai.