Semei Kakungulu: Jemadari aliyesoma Biblia akatoka nayo kanisani

Kila Ijumaa jioni, katika kilima cha Nabugoye karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, waumini huipokea Sabato kwa kuimba zaburi kwa Kiganda na Kiebrania. Hao ni Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Asili yao si Yerusalemu. Waasisi wao walikuwa Wakristo wa Kiprotestanti, na aliyewaongoza kuingia Uyahudi alikuwa jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu.

Kakungulu aliupokea Ukristo miaka ya 1880, na mmisionari wa Kiprotestanti akamfundisha kusoma Maandiko kwa Kiswahili. Mwaka 1896 Biblia nzima ikachapishwa kwa Kiganda. Sasa Mganda yeyote aliyejua kusoma aliweza kuipitia Torati, Manabii na Zaburi mwenyewe, bila kumngoja mzungu amweleze maana yake.

Wakati huo Kakungulu alikuwa akiwatekea Waingereza maeneo ya mashariki, akitumaini kwamba mwisho wa yote watamfanya mfalme wa huko. Hawakumfanya. Walimpunguzia madaraka hatua kwa hatua, naye akavunjika moyo. Mnamo 1913 hivi akajiunga na Wamalaki, dhehebu lililojitenga na wamisionari na kukataa dawa za hospitali.

Hata humo hakutulia. Katika kusoma kwake alikutana na agano la tohara aliloamriwa Ibrahimu, akaona ni lazima litimizwe. Abayudaya husimulia kwamba aliambiwa tohara ni ya Wayahudi, naye akajibu kwamba basi na yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Uzito wa jambo hilo anaujua anayeijua mila: Waganda kwa jadi hawatahiri, tofauti na majirani zao Wagisu wa Mbale wanaowatahiri vijana katika sherehe za imbalu. Kakungulu hakufuata desturi ya ukoo wake wala ya wenyeji. Alifuata alichokisoma.

Mwanzoni jumuiya yake ilikuwa bado na mambo ya Kikristo, ukiwemo ubatizo. Mnamo 1920 akafika mgeni Myahudi anayekumbukwa kwa jina moja tu, Yosef. Alikaa nao takriban miezi sita, akawafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za vyakula. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kurasa 90 hivi cha kanuni na sala kwa Kiganda. Alifariki Novemba 1928.

Wapo wanaodai kwamba hasira ya kunyimwa ufalme ndiyo iliyompeleka kwenye Uyahudi. Ilichangia, bila shaka, lakini haitoshi kueleza miaka iliyofuata. Hasira za mtu mmoja hufa naye, ilhali Abayudaya waliendelea. Utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku ibada zao. Inakadiriwa walikuwa 3,000 wakabaki 300, waliosali kwa siri hadi Amin alipoanguka mwaka 1979.

Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliwapokea rasmi katika Uyahudi waumini takriban 400. Gershom Sizomu, mwana wa jumuiya hiyo, alisomea Los Angeles akawekwa kuwa rabi mwaka 2008. Mwaka 2004 wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa eneo la Mbale waliunda ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera. Hata hivyo, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel imewahi kumkatalia mmoja wa Abayudaya ombi la kuhamia huko kama Myahudi.

Leo yapo makanisa ya kilokole Afrika Mashariki yanayopuliza baragumu la pembe ya kondoo, kuvaa shali za sala za Kiyahudi na kuadhimisha Sikukuu ya Vibanda. Kiu yao ni ileile ya Kakungulu: kurudi kwenye mizizi ya Biblia bila kupitia Ulaya. Kiu hiyo ni halali. Lakini ishara hizo zina wenyewe, na wako hapa jirani, Mbale. Wachungaji na waumini wanaozipenda waende kwa Abayudaya wakae chini wajifunze, kabla ya kuzipandisha madhabahuni.