Goma: mpaka uliokatwa Brussels

Kutoka mtaa wa Keshero hadi kwenye mpaka wa Gisenyi ni safari fupi ya pikipiki. Lakini mpaka huo ulikatwa mbali sana.

Mwaka 1885, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitangaza mipaka ya Kongo kwa kufuata mistari ya ramani, wakati hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona ziwa Kivu. Mjerumani von Götzen alifika ziwani mwaka 1894. Ugomvi ukazuka: Wajerumani walisema eneo ni lao, Wabelgiji wakakataa. Mwaka 1910 Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilikaa Brussels kukata shauri. Kisiwa cha Idjwi na upande wa Goma vikaenda kwa Wabelgiji, Gisenyi kwa Wajerumani. Wakaaji wa kando ya ziwa hawakuulizwa.

Ndiyo maana kwa mwanafunzi wa Goma, kusoma mambo ya Ulaya pembeni ya fani yake si anasa. Mwezi wa pili 2024, Umoja wa Ulaya ulisaini makubaliano ya madini na Rwanda. Tarehe 17 Machi 2025, baada ya M23 kuchukua Goma, uliwawekea vikwazo viongozi wa M23, makamanda wa jeshi la Rwanda na kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu huko Kigali. Mwenye sheria peke yake ataona vikwazo; mwenye uchumi ataona madini. Historia ndiyo inayoviunganisha.

Familia za wahami husikia jina Brussels redioni. Anayejua habari za 1910 atauliza kwanza: safari hii, nani wa huku ameketi mezani?