Tarehe ya Panga la Mlimani, Kama Inavyosemwa Nyakalengija

Ndugu zetu wa Bwera wana dai lao la siku nyingi: kwamba panga la vita liliingia Rwenzori kwa mlango wa Mpondwe, mpakani mwa Kongo, kwamba wao ndio walioipa silaha Rwenzururu, vuguvugu la Wakonzo dhidi ya utawala wa Toro, na kwamba sisi wa bonde la Mubuku tulikuwa wabeba mizigo wa Wazungu tu. Sehemu ya kwanza sina ugomvi nayo. Soko la Mpondwe ni kubwa, chuma kimevuka mto Lhubiriha miaka na miaka, na panga la chapa ya mamba kutoka Birmingham, Uingereza, lilinunuliwa huko kama lilivyonunuliwa Kasese na Fort Portal. Lakini kuuza panga si kulijua. Tarehe hii naiandika ili ijulikane kwamba ujuzi wa kisu cha askari katika mlima huu, yaani namna ya kukitumia bila kujikata, bila kusikiwa na bila kufuatwa nyayo, umetoka kwa wapagazi wa Nyakalengija na Ibanda. Hao waliodharauliwa ndio walimu.

Mwaka 1906 alikuja mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, na mpiga picha wake Vittorio Sella na viongozi wake wa Alps. Kutoka Ibanda kwenda juu mizigo ilibebwa na Wakonzo, wengi wao peku, mpaka chini ya mwamba wa Bujongolo, karibu mita 3,800, penye baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Tarehe 18 Juni mwanamfalme akasimama juu ya Margherita, mita 5,109. Vilele vikagawiwa majina: Alexandra wa malkia, Stanley, Speke, Baker, Gessi, Emin, na Luigi di Savoia wa mwenyewe. Wetu hakuna aliyepewa hata jiwe.

Sasa mtu ajiulize: njia ya kufika Bujongolo ilikuwa inakaa ikimngoja nani? Haikuwapo. Kulikuwa na vijia vya wawindaji wa pimbi, basi. Mianzi huanza ukishapita Nyabitaba, na hapo ndipo panga linapomjua mwenyewe. Mgeni akipewa panga hukata mwanzi usawa wa kiuno, tena mshazari, na nyuma yake huacha safu ya vichokoo vinavyomngoja mwenzake anayeteleza. Mwenye mlima huinama, hukata chini kabisa, sawasawa, karibu na pingili, ili anayefuata gizani akanyage asichomwe. Mkono ukilowa panga huchomoka, ndiyo maana mpini huzungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kitanzi cha kamba huvishwa kwenye kifundo cha mkono. Tupa ya kunolea hubebwa ndani ya kitambaa chenye mafuta, kwa sababu mvua za huku hazina adabu na kutu huanza usiku huohuo.

Kuna jingine ambalo askari wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Mlio wa panga kwenye mwanzi husikika ng'ambo ya bonde. Na kisiki kibichi huonekana cheupe. Anayekufuata hutazama rangi yake tu akajua umepita leo au juzi. Kwa hiyo anayekimbizwa hapasui njia. Hutenga mianzi kwa mikono, hupita, ikarudi nyuma yake, na panga hubaki alani mpaka afike pasipo budi. Wazee wa hapa husema wawindaji ndio walioanza hivyo, wakimvizia mnyama, na wapagazi wakachukua kwao. Mimi nawaamini.

Katika kizazi cha waliofuata, wa kutajwa ni mmoja: John Matte. Alikuwa mtu wa Ibanda, na miaka mingi kabla ya kuwapo ofisi yoyote Nyakalengija yeye ndiye aliyekuwa ofisi. Mountain Club of Uganda walipotaka kupanda, walimwendea yeye; yeye ndiye aliyekusanya wapagazi na kupanga nani anabeba nini. Nani asiyejua kwamba kiongozi wa wapagazi ndiye anayeamua panga libebwe na nani? Halipewi mwenye nguvu. Hupewa mwenye subira, anayetangulia peke yake hatua mia mbele ya mizigo. Kibanda cha mita 3,414 kinaitwa kwa jina lake mpaka leo, na hilo ndilo jina la Mkonzo ambalo kila mgeni wa mlima hulitamka, apende asipende. Rwenzori Mountaineering Services waliokuja 1987 walikuta kazi imeshatandikwa.

Wenzetu wa kusini wana heshima yao nayo naitaja: Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walioinuka juu ya utawala wa Toro tangu 1919, wakanyongwa 1921, wakazikwa Kagando.

Kisha ikaja vita ya Hitler. Batalioni ya nne ya King's African Rifles (KAR), ile ya Uganda, ilikwenda Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikateremka bonde la Kabaw katika masika ya 1944, ndani ya matope, malaria na mianzi, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Wengi wa askari hao walitoka kaskazini mwa Uganda, lakini habari ya panga lao ni ileile ya kwetu. Jeshi la Uingereza lilikuwa na singe ndefu ya mwaka 1907, wembe wake sentimita 43, nzuri kwa gwaride. Kwa bunduki Nambari 4 ikaja singe nyingine, msumari wa sentimita 20 hivi usio na makali kabisa. Haukati mwanzi, haukati kamba, haukati mkate. Utatoboa nao kopo la maziwa, basi. Ni kwa panga askari wa Afrika Mashariki walipata kuni, paa la kulala mvuani, machela ya majeruhi na njia ya kupitisha nyumbu.

Hapa naomba kusimama kidogo, kwa sababu kuna ubishi unaoniudhi. Vijana wa Kasese mjini wanaotazama filamu hushikilia kwamba kisu cha askari ni kile chembamba chenye makali pande mbili, cha kuingia kimya usiku. Wanakijua hata jina: Fairbairn-Sykes. Kweli kipo. William Fairbairn na Eric Sykes walikuwa polisi wa Shanghai, na kisu chao kilitengenezwa na Wilkinson Sword kwa ajili ya makomando wa Uingereza tangu 1941. Ni kisu kizuri kwa kazi moja. Jaribu kufungulia kasha nacho, ncha inakatika. Jaribu kuchanja kuni, mpini wa mviringo unazunguka mkononi na damu ni yako. Wamarekani walipotoa Ka-Bar mwaka uliofuata walikuwa na akili zaidi: makali upande mmoja, mgongo mnene, kitu cha kupigiliwa na kuchimbia. Na wale Wagurkha waliokuwa Burma hiyohiyo hawakubadilisha khukuri yao kwa yeyote, kwa kuwa khukuri ni panga lililojikunja. Askari hula mara tatu, hulala mara moja, hujenga, huchimba, hufunga na kufungua kila siku ya Mungu. Kumchoma adui kwa mkono huenda asikufanye mpaka anastaafu. Kijana anayebisha na apande nami mvuani na hicho chembamba chake, awashe moto.

Turudi. Tarehe 13 Machi 1962 Isaya Mukirania, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya walitoka katika Rukurato, baraza la Toro, na tarehe 30 Juni Rwenzururu ikajitangaza. Isaya alikuwa mwalimu wa shule, na kabla ya hapo, tangu 1954, alikuwa na chama chake cha kukusanya habari za maisha ya Wakonzo. Mwalimu hana ghala la bunduki. Wapiganaji walipanda juu na mikuki, pinde na panga lilelile la kulimia, na mlima ukafanya kazi iliyobaki. Watu wa Bwera husema walipanda wakitoka kwao. Wengine walitoka huko, sikatai. Lakini aliyewapitisha juu ya mianzi usiku, bila mlio na bila kisiki cheupe, alikuwa amejifunzia wapi? Kinyamusitu alikuwa jemadari wao. Wengine walikuwa wengi.

Isaya alifariki tarehe 2 Septemba 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akawekwa kitini tarehe 19 Oktoba, kijana bado hajaota ndevu. Mambo yakaenda hivyo mpaka tarehe 15 Agosti 1982, ambapo, kwa jitihada za mwanasiasa Amon Bazira, Omusinga, yaani mfalme huyo, aliteremka kwa amani na silaha zikasalimishwa. Bunduki zinaweza kusalimishwa. Panga ulisalimishe kwa nani, na kesho kahawa utaipalilia na nini? Liliteremka mlimani likiwa mikononi mwa wenyewe, likaingia shambani, na serikali yenyewe haikuona ajabu.

Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo wakaipiga Mpondwe, na mlima ukajaa jeshi. Hifadhi ya mlima ikafungwa 1997, haikufunguliwa mpaka 2001, na wapagazi wa Nyakalengija wakashinda njaa miaka hiyo yote. Askari wa UPDF, jeshi la Uganda, walioletwa kutoka nchi tambarare walikuwa na singe ya AK, ile fupi yenye tundu kwenye wembe. Ukiiunga na ala yake inakuwa mkasi wa kukatia waya. Ni chombo cha akili, lakini mianzi haina waya. Mlimani singe hiyo ilipata kazi nyingine, nayo ni ya kutisha kuliko vita vyenyewe. Waasi walitega mabomu ardhini. Mwenye kuyatafuta kwa singe hulala kifudifudi, huondoa majani kwa vidole, kisha huichoma udongoni mshazari, kama nyuzi 30, polepole, upana wa vidole viwili kwa wakati. Ncha ikigusa ubavu wa kitu kigumu anaacha hapohapo, anafukua kwa mkono. Ukichoma wima utaligusa bomu kichwani, na tarehe yako inaishia hapo. Uganda ilitangaza kwamba imemaliza kuyaondoa mabomu hayo mwezi Desemba 2012.

Serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu, na tarehe 19 Oktoba 2009 Rais Museveni akaja Kasese kwa sherehe. Miaka saba baadaye, tarehe 26 na 27 Novemba 2016, polisi waliuawa, kisha jeshi likaivamia Buhikira, ikulu ya Omusinga. Human Rights Watch walihesabu waliokufa katika siku hizo mbili kuwa si chini ya 155, angalau 14 kati yao wakiwa polisi. Serikali ilisema walinzi wa Omusinga walikuwa na mapanga na mikuki. Walikuwa nayo, na nyumba gani kutoka Bugoye mpaka Kisinga haina panga nyuma ya mlango? Chombo ambacho 1982 hakikuulizwa, 2016 kikawa ushahidi. Mashtaka aliyofunguliwa Omusinga yalifutwa Juni 2023, na mwezi wa Oktoba akarudi Kasese.

Mwezi uleule wa Juni, usiku wa tarehe 16, wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe na moto na mapanga, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wanafunzi. Hao siwaandiki katika tarehe ya askari. Bwera waliwazika watoto wao, na siku zile hakuna mtu wa Nyakalengija aliyetaja ubishi huu.

Ubishi umerudi, kama ilivyo kwa ndugu. Basi natoa mwito. Wenzetu wa Bwera walete mtu wao mmoja na panga lake, nasi tutamtoa wetu. Kukata ndani ya hifadhi ni kosa, kwa hiyo tutawaomba askari wa hifadhi watuonyeshe pale juu ya Nyabitaba ambapo mianzi imeangukia njia na wao wenyewe wanataka isafishwe. Kila mtu apewe hatua hamsini. Atakayefuata nyuma na kuhukumu awe peku.