Kumpima Mtunzi na Kupima Utungo

Kuwapanga waandishi kwa daraja ni kazi nzito, kwa maana mwenye kuhukumu kazi ya mwingine hudhihirisha pia kipimo chake mwenyewe. Jambo hili huwahusu waamuzi wa taifa zima, na huwahusu vilevile wasomaji wachache wa Ganako, wilayani Karatu, wakitaka kutunuku kitabu kimoja kati ya vingi.

Katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya 1957-58, yaliyosimamiwa na East African Literature Bureau, nafasi ya kwanza ilipewa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Ilichapishwa mwaka 1960, na wasomaji wakaipokea kwa furaha. Hapo waamuzi na wasomaji walipatana.

Mtihani mgumu zaidi ulitokea Kenya. Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alifungwa kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?, ulioishutumu serikali ya Rais Jomo Kenyatta. Gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika juu ya karatasi za chooni. Alifunguliwa mwaka 1972. Mwaka uliofuata mashairi hayo yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndipo mtunzi akatunukiwa kwa jina la kiongozi ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia kifungoni.

Mwamuzi mwoga angaliyaweka kando mashairi hayo kwa sababu ya mtunzi wake; mwamuzi mwenye huruma angaliyapandisha kwa sababu iyo hiyo. Wote wawili wangalimpima mtu, wala si utungo. Tuzo haikufuta kifungo, na kifungo peke yake hakifanyi shairi kuwa zuri. Kilichostahili kupimwa ni lugha ya Kimvita iliyokomaa, vina na mizani vilivyotunzwa, na fikira isiyotetereka.

Huko Ganako, ambako wengi hulelewa kwa Kiiraqw, Kimvita chaweza kuwa kigumu. Lakini ugumu aupatao msomaji si kasoro ya mtunzi. Yafaa kila apangaye daraja ajiulize kwanza: je, kilichoshuka ni kitabu, au ni subira yake mwenyewe?