Nguo na Jicho la Mwenzio: Kutoka Unguja hadi Usevya

Nyani haoni kundule, na mvaaji haoni mgongo wake. Kioo humwonyesha upande mmoja, tena mwenye kukitazama ni yeye yule anayetamani kupendeza. Kwa hiyo binadamu hulazimika kumgeukia mwenziwe na kumwuliza: "Nguo hii imenikaa?" Swali hilo huonekana dogo, la wanawake wanaokwenda arusini au la kijana anayekwenda posa. Hata hivyo, katika historia ya Afrika Mashariki limebeba mambo mazito, yakiwemo biashara, utumwa na uhuru. Aidha, limehusu nani mwenye haki ya kuuliza, na nani mwenye haki ya kujibu.

Usevya ni mbali na bahari. Iko katika Bonde la Rukwa, kusini mwa Hifadhi ya Katavi, katika nchi ya Wapimbwe. Zamani ikihesabiwa katika Mkoa wa Rukwa, na tangu 2012 katika Mkoa wa Katavi. Mtu wa pwani aghalabu hudhani kwamba bara ya mbali kama hiyo ilikaa ikisubiri nguo kutoka Unguja. Sivyo ilivyokuwa. Katika nyanda za Ufipa, zinazolitazama bonde hilo kutoka juu, watu walipanda pamba yao, wakaisokota na kufuma nguo nzito iliyojulikana kwa jina la seketa. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliona ufumaji wa namna hiyo Unyamwezi pia. Basi nguo ya kigeni ilipofika huko, iliwakuta watu wanaojua uzi ni nini na kitambaa kizuri kinashikwaje mkononi. Walikuwa na kipimo chao.

Nguo hiyo ya kigeni iliitwa merikani, kwa kuwa ilitoka Marekani. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na nchi hiyo, na mwaka 1837 balozi wake mdogo wa kwanza, Richard Waters wa mji wa Salem, aliwasili Unguja. Marobota ya pamba isiyotiwa rangi yalishuka forodhani, yakavushwa hadi Bagamoyo, kisha yakapanda mabegani mwa wapagazi hadi Tabora. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja ikienda Ujiji, nyingine zikishuka kusini kuelekea Karema, Ufipa na Rukwa. Kitambaa kilipimwa kwa mkono. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Mwenye doti alinunua chakula, alilipa hongo kwa mtemi na kumwajiri mpagazi. Nguo ilikuwa fedha, lakini fedha yenye sura. Na mpokeaji aliitazama sura hiyo kabla ya kuipokea.

Hapa ndipo maoni ya kweli yalipokuwa na thamani kubwa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, hakujua anunue nini. Vitabu vya wasafiri waliomtangulia havikumsaidia. Ikambidi awaendee wafanyabiashara wa Kiarabu waliokwisha kufika bara, awaulize. Jibu alilopata lilikuwa la kina: watu mia moja watahitaji doti 10 kwa siku kwa chakula. Kwa hesabu hiyo alishauriwa achukue doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi. Barsati ilipendwa sana Unyamwezi, na sahari Ugogo. Kadhalika katika shanga: rangi iliyotakiwa huku ilikataliwa kule.

Ushauri huo haukuwa wa wafanyabiashara peke yao. Nyuma yake lilikuwapo jicho la mwanamke wa Ugogo na la kijana wa Unyamwezi, ambao hawakuwahi kuiona bahari. Wao ndio waliokuwa wakiulizwa, hata kama muulizaji hakuwa mbele yao. Walijibu bila kificho, kwa kuwa walikuwa na uwezo wa kukataa. Msafiri aliyebeba nguo isiyopendwa hakuambiwa maneno matamu. Alirudishiwa kitambaa chake na kulala na njaa. Wafumaji wa Salem, na baadaye wale wa Bombay walioingia sokoni baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, ilibidi walitii jicho hilo.

Lakini njia ile ile iliyopandisha nguo ilishusha pembe na mateka. Huko Unguja mtumwa alivaa merikani iliyochakaa au kaniki, akatembea peku, na kichwa chake hakikufunikwa. Vazi lake lilikuwa alama aliyowekewa na wengine, kwa hiyo hakuwa na la kuuliza. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria. Ndipo wanawake wengi waliokuwa watumwa walipoanza kujichagulia. Kaniki wakaiacha, wakajifunga kanga.

Kanga ilikuwa bado changa. Ilizaliwa katika miongo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, kutokana na leso za madoa na maua zilizokatwa na kuungwa sita sita. Baadaye ilipigwa chapa ikiwa nguo nzima, yenye pindo, mji, na hatimaye jina. Huuzwa kwa doti hadi leo: kipimo cha misafara ya bara kimebaki kiunoni na kichwani mwa mwanamke wa pwani. Kwa jina lile, kanga iligeuza swali. Mvaaji hakuuliza tu wenzake wanamwonaje. Yeye pia aliwaambia anavyowaona. Mnunuzi akiingia dukani aliwauliza shoga zake mambo mawili, kama rangi inamkubali na kama maneno yanamfaa, na la pili huenda lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

Watu wa pwani wamejua tangu zamani kwamba jibu la kweli kuhusu vazi lina adabu yake. Mwana Kupona, katika utendi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, alimfundisha usafi, manukato na kujipamba. Alikuwa mgonjwa, na alisema kama mama asiyetaka faida yoyote kwa mwanawe. Hiyo ni nasaha. Kuna pia neno jingine kuhusu vazi, nalo ni kejeli. Siti binti Saad wa Fumba, aliyekuja mjini akiwa mfinyanzi na muuza vyungu, alipopata sifa ya uimbaji, mahasimu wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki zake za shamba. Maneno yao huenda yalikuwa ya kweli, kwa maana kaniki aliivaa kweli. Lakini hayakuwa maoni juu ya nguo. Yalikuwa jaribio la kumrudisha pale wazazi wake walipotoka. Shaaban Robert, katika wasifu alioandika juu ya Siti, anaeleza jinsi alivyowajibu kwa wimbo uliopima utu kwa akili badala ya sura na nasaba. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kurekodi sauti yake, na waliomcheka hawakusikika tena.

Miaka arobaini baadaye, maoni juu ya mavazi yaligeuka amri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, kuanzia Januari 1, 1969. Mjini Dar es Salaam makundi ya vijana yaliwavamia wanawake barabarani na ndani ya mabasi. Magazeti yalijaa barua. Wapo waliotetea heshima ya taifa. Wapo waliouliza ikiwa suti ya mwanamume ilifumwa na mababu. Wanawake wale hawakuwa wamemwuliza mtu yeyote jinsi walivyopendeza. Jibu waliletewa kwa fimbo.

Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, mitumba, au kafaulaya kama wengine wanavyoiita, imefuata njia ya merikani: bandarini, kwenye reli, ambayo ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, kisha kwa malori hadi minadani bondeni. Mnunuzi huchambua rundo, akavaa koti juu ya shati lake, akawageukia waliosimama karibu. Muuzaji atamwambia limemkaa kama lake. Huyo ana bidhaa ya kuuza. Atakayemsaidia ni ndugu aliyefuatana naye, atakayemvuta kando na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba mabega yanaanguka. Akipenda, atalirudisha. Akipenda, atalinunua hivyo hivyo na kwenda nalo nyumbani. Bibi wa Ugogo alikuwa na hiari hiyo mwaka 1871. Mtumwa wa Unguja hakuwa nayo. Ukweli juu ya nguo humfaa mtu pale tu alipouomba mwenyewe, na anapoachiwa kuufuata au kuuacha.