Bunduki ya Garand na Mikono ya Mafundi

Mwaka 1919 aliingia katika kiwanda cha silaha cha serikali ya Marekani, huko Springfield, Massachusetts, fundi mmoja mzaliwa wa Quebec, John Garand jina lake, akapewa kazi iliyokwisha kuwashinda wengi: kuunda bunduki ijipakiayo yenyewe, ambayo askari wa miguu aweza kuibeba mchana kutwa. Miaka 17 ilipita hata jeshi likaipokea mwaka 1936, na Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha zilikuwa zimetengenezwa yapata milioni 4. Naye Garand, nasema kwa huzuni, hakupata malipo yoyote kwa uvumbuzi wake ila mshahara wake, maana shauri la kumtunuku dola 100,000 halikupita katika Bunge.

Wengi huisifu kwa wepesi wa kufyatua risasi zake 8. Kwangu mimi, ustadi wake mkubwa umo katika kufunguliwa kwake. Askari, akiisha kuhakikisha kwamba haina risasi, hulishika kwa nyuma lile duara la chuma likingalo kifyatulio, akalivuta likaachia kwa mlio mfupi, na mara mtambo wa kufyatulia ukamtoka mzima kiganjani, kitako cha mbao ya mjozi kikaachana na kasiba, pasipo nyundo wala bisibisi.

Walakini walenga shabaha wa mashindano ya Camp Perry, Ohio, walitaka usahihi kuliko wepesi. Mafundi wao, walipotambua kwamba chuma kikicheza ndani ya mbao hata kwa kadiri ya unywele risasi hupotoka, waliichonga mbao kwa ndani, wakaijaza gundi ngumu yenye nyuzi za kioo, chuma kikalala humo kama kokwa ndani ya tende. Hivyo silaha iliyoundwa ifunguliwe hata vitani ikawa haifai kufunguliwa ila kwa nadra, kwani kila itolewapo kitakoni gundi husagika.

Aletewaye leo bunduki ya namna hiyo, duara lake likikataa kuachia, hana budi kupambanua kama kizuizi ni kutu, au mafuta yaliyoganda, au kazi ya fundi aliyemtangulia asiyeacha hata herufi moja ya maelezo. Mwenye pupa huchomeka bisibisi, mbao ikapasuka. Mwenye subira huisogeza taa, akautafuta ule mstari mwembamba wa gundi baina ya mbao na chuma; na akiuona, hulilegeza kwanza duara polepole hata mtambo ukatoka, ndipo huipindua bunduki, akaiinua mbao taratibu, sawasawa mbele na nyuma, bila kuitikisa.